Kanuni Inapomfikia Mkubwa

Jumapili ya tarehe 16 Septemba 2018, Linus Torvalds alitangaza toleo la majaribio la Linux, kama alivyofanya Jumapili nyingi kabla ya hapo. Safari hii mambo ya kiufundi aliyamaliza upesi. Sehemu kubwa ya tangazo ilikuwa kuomba radhi. Alikiri kwamba kwa miaka mingi amekuwa akiwashambulia watu kwa maneno katika barua pepe zake, kwamba huenda wapo walioiacha kabisa kazi hiyo kwa sababu yake, na kwamba anapumzika kwa muda ili atafute msaada wa kujifunza kuelewa hisia za wenzake. Wakati huohuo Linux ikapewa kanuni mpya za mwenendo, zenye saini yake mwenyewe.

Radhi ya mtu mmoja haiwi habari ya dunia bila sababu. Torvalds, mzaliwa wa Ufini, aliianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Linux ni kiini cha mfumo wa kompyuta, ile sehemu inayozungumza na betri, kamera, kumbukumbu na mtandao ili programu nyingine zifanye kazi bila kujua undani wa vifaa. Kila simu ya Android ina kiini hicho ndani yake. Tangu mwaka 2017, kompyuta zote 500 zenye kasi kubwa kuliko nyingine duniani zinaendeshwa nacho. Ukiwa na Tecno au Samsung mfukoni, umebeba kazi ya maelfu ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuonana, na kwa miaka karibu thelathini waliyoyaandika yalipita chini ya jicho la mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kukataa, na aliyekataa kwa matusi alipotaka.

Kazi ya namna hii huitwa programu huria. Msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, huwekwa wazi ili yeyote ausome, autumie, aurekebishe na kuurudisha ukiwa bora. Ni msaragambo. Siku hizi wengi hulipwa na kampuni zao kushiriki, lakini bado idadi kubwa hujitolea usiku baada ya kazi, na hata anayelipwa anaweza kuhamia mradi mwingine kesho. Aliyekuja na jembe lake akitukanwa, hulibeba akaondoka. Haachi barua ya kujiuzulu, na hakuna orodha ya majina ya walioondoka hivyo.

Takwimu chache zinazogusa jambo hili zilitolewa mwaka 2017 na GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya programu huria, baada ya kuwauliza maswali watu wapatao 5,500 kutoka miradi zaidi ya 3,800. Nusu yao walikuwa wameshuhudia mwenendo mbaya kati ya wachangiaji. Asilimia 18 ulikuwa umewapata wao wenyewe. Kati ya walioshuhudia au kutendewa, asilimia 21 waliacha kuchangia mradi husika. Wanawake walikuwa asilimia 3 tu ya waliojibu. Na karibu robo ya wote walisema hawasomi wala kuandika Kiingereza vizuri sana. Kundi hilo la mwisho ndilo letu. Anayeandika kwa lugha ya tatu au ya nne hutumia saa nzima kupanga sentensi mbili za kuomba ruhusa ya kurekebisha kasoro, na akijibiwa kwa dhihaka hana maneno ya kujitetea kwa kasi ile ya aliyemdhihaki.

Mimi ni fundi wa seva hapa Dodoma. Nilipokuwa chuoni wasichana tulikuwa wachache darasani, na barua za Torvalds zilizagaa kwenye laptopu za wenzetu kama nyara. Vijana walizikariri. Mtu akikosea mbele ya maabara, alitupiwa sentensi ya Kiingereza iliyoandikwa na mtu wa Ulaya kwa mtu mwingine kabisa, na darasa zima likacheka. Wengi wetu hatukuwa tumeandika hata mstari mmoja wa kiini cha Linux, wala hatukujua namna ya kuufikia mradi wenyewe. Lugha ya dharau ilitufikia kabla ya ujuzi. Nimeona mabinti waliokuwa wakinishinda kwa hesabu wakihamia masomo mengine, na walipoulizwa walisema tu kwamba kompyuta si mambo yao.

Utetezi wa ukali huo unajulikana na kila aliyekaa na mafundi. Kazi ni ngumu, kosa dogo huangusha mashine za watu milioni, kwa hiyo anayesimamia lazima awe mkali. Sehemu ya kwanza na ya pili ni kweli kabisa. Torvalds ana sheria moja ninayoiheshimu kuliko zote: mabadiliko ndani ya kiini yasiharibu programu ambazo watu tayari wanazitumia. Sheria hiyo ndiyo inayofanya programu ya zamani iendelee kuwaka baada ya mfumo kusasishwa. Desemba 2012 msimamizi mmoja aliivunja, na Torvalds akamwandikia barua ya ghadhabu ambayo hadi leo husomwa kama mfano wa ushujaa wa kiongozi. Lakini ukiisoma taratibu, sheria yenyewe inatoshea katika mistari michache. Kilichobaki ni matusi, na matusi hayana taarifa yoyote ya kiufundi ndani yake.

Nitatoa mfano wa kazini kwangu. Kijana ameleta msimbo unaofungua mafaili bila kuyafunga. Naweza kumwambia: "Mstari huu unaacha faili wazi kila ombi linapoingia. Watumiaji wakiwa wengi seva itaishiwa nafasi na kukataa watu. Sikubali uingie hivi, funga faili kisha ulete tena." Au naweza kumwambia: "Nani alikufundisha kuandika takataka hii?" Kauli ya kwanza ni kali kuliko ya pili. Imekataa, imetoa sababu na imetaja cha kufanya. Ya pili ni uvivu wa msimamizi aliyeshindwa kueleza. Mtu akiniambia kwamba upole hushusha ubora, namwomba anionyeshe ni ipi katika hizo mbili itakayoizuia seva isianguke.

Ndani ya Linux yenyewe wapo waliosema hivyo mapema. Julai 2013, Sage Sharp, mhandisi wa Intel aliyekuwa akisimamia sehemu inayohusu USB 3.0, alimkabili Torvalds mbele ya wote na kumtaka aache lugha ile. Torvalds alikataa. Alijibu kwamba ndivyo alivyo, na kwamba adabu ya kujifanya haitaki. Sharp aliendelea kwa muda, kisha Oktoba 2015 akaeleza hadharani kwamba ameiacha kazi ya kiini kwa sababu ya namna watu wanavyozungumzishana humo. Mtu aliyekuwa na ujuzi uliohitajika, mwenye ujasiri wa kusema, ndiye aliyeondoka.

Machi mwaka huohuo wa 2015 Linux ilikuwa imejaribu suluhisho la nusu, andiko fupi kuhusu kushughulikia migogoro. Liliufungua mlango wa malalamiko, na hilo lilikuwa jema. Ila lilianza kwa kumwandaa mgeni kuvumilia: kazi yako itachambuliwa kwa makini na mara nyingi itakosolewa, na ukiona umedhalilishwa, waandikie watu fulani. Mzigo mkubwa aliachiwa aliyeumizwa. Mwenye nguvu lilimwomba tu ajitahidi kuwa mstaarabu.

Kanuni za 2018 zilikuwa tofauti. Zilitokana na andiko liitwalo Contributor Covenant, lililotungwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014 na kuchukuliwa tangu hapo na miradi mingi mno duniani. Lugha yake ni nyepesi. Linataja mwenendo unaotakiwa, kama vile kuheshimu maoni tofauti na kupokea ukosoaji wa haki. Linataja usiotakiwa: matusi, usumbufu wa kingono, kuanika anwani au habari za siri za mtu. Linasema kanuni hizi zinamlinda kila mtu bila kujali umri, ulemavu, jinsia, kabila, utaifa, dini au kiwango cha uzoefu. Kisha linakuja fungu ambalo wasomaji wengi huliruka na ambalo kwangu ndilo roho ya andiko zima. Wasimamizi wa mradi wana wajibu wa kuchukua hatua, malalamiko yapelekwe mahali fulani palipotajwa, na msimamizi asiyezifuata au asiyezisimamia kanuni anaweza kuchukuliwa hatua na wenzake.

Zilipigwa kelele kubwa. Wapo waliotabiri kifo cha Linux, na wapo waliowashawishi wachangiaji waiondoe kazi yao. Oktoba 22 mwaka huohuo toleo la 4.19 lilitoka likiwa mikononi mwa msimamizi mwenzake, Greg Kroah-Hartman, Torvalds akarudi kwenye kiti chake, na kazi ikaendelea. Bado hukasirika, na maneno yake bado huwa makali mara kwa mara. Lakini nikisoma barua zake za miaka hii naona hasira nyingi zaidi ikielekezwa kwenye msimbo. Novemba 2024 kamati ya kanuni ilimzuia msimamizi wa mfumo mmoja wa kuhifadhi mafaili kuchangia katika toleo la 6.13, baada ya kumwandikia mwenzake maneno ya kumdhalilisha. Alikuwa mtaalamu mkubwa, na mfumo wake ulisubiriwa na wengi. Kabla ya 2018 sidhani kama lingefanyika.

Kwa hiyo mimi nikipewa kanuni za mwenendo za kundi lolote, sianzi na orodha ya makatazo. Orodha zinafanana. Natafuta jibu la swali moja: aliyeanzisha mradi, mwenye jina, mwenye kulipia, akikosea, nani atamwambia?

Swali hilo limewatesa hata waliojitahidi kuliko wengine. Lugha ya programu iitwayo Rust ilikuwa na kanuni tangu mwanzo, na sifa ya jumuiya yake ilikuwa ukarimu kwa wageni. Ilikuwa na timu maalumu ya kusimamia mwenendo. Novemba 2021 timu hiyo nzima ilijiuzulu kwa siku moja, ikieleza kwamba kundi la viongozi wakuu wa mradi lilijiweka mahali ambapo hakuna anayeweza kulihoji. Sheria ilikuwepo, wasimamizi walikuwepo, ila ngazi ilikoma chini ya mlango wa wakubwa. Baada ya hapo Rust ililazimika kujenga upya namna inavyojiongoza.

Na mkubwa naye anaweza kuwa ndiye anayeumia. Julai 2018, miezi miwili kabla ya radhi ya Torvalds, Guido van Rossum, aliyeibuni lugha ya programu iitwayo Python, aliachia uongozi alioushika kwa karibu miaka thelathini. Kilichomchosha ni mabishano kuhusu pendekezo dogo la namna ya kuandika mstari mmoja wa msimbo. Alikuwa amelipitisha, na akajikuta watu wengi wanaudharau uamuzi wake na kumpiga vita. Mwaka 2019 Python ilichagua baraza la watu watano liongoze badala yake, na yeye akawa mmoja wao.

Python hiyohiyo imefanya jambo ambalo huwa nawasimulia wanaodai kwamba wanawake hawapo kwa sababu hawapendi. Katika mkutano wake mkuu wa Marekani wa mwaka 2011, mada zilizotolewa na wanawake zilikuwa asilimia 1. Mwaka 2016 zilifika asilimia 40. Hawakushusha kiwango. Waandaaji, akiwemo Jessica McKellar, waliwaandikia wanawake mmoja mmoja na kuwaambia walete mada. Mkutano ukawa na kanuni zinazosimamiwa, na yakatolewa mafunzo kwa wasiowahi kupanda jukwaani. Mtu huja mahali alipoitwa kwa jina na anapojua kwamba akisumbuliwa kuna wa kumwendea.

Yapo pia maswali ambayo Waafrika tuna haki ya kuyauliza kuhusu kanuni hizi, kwa sababu nyingi zimeandikwa mbali na sisi. Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar. Django ni zana ya Python ya kutengenezea tovuti, na wengi hapa nchini tunajipatia riziki kwayo. Waandaaji waliomba msaada wa fedha kwa taasisi inayosimamia Python, iliyoko Marekani. Uamuzi ulichelewa, kwa sababu ndani ya taasisi watu walijiuliza kama wahudhuriaji wenye mapenzi ya jinsia moja watakuwa salama katika nchi ambayo sheria zake zinawaadhibu. Mwishowe fedha zilitolewa na mkutano ukafanyika. Desemba, waandaaji wa jumuiya za Python kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliandika barua ya wazi wakilalamikia namna walivyotendewa.

Najua wasomaji wa gazeti hili watagawanyika hapa, nami nitasema ninachoamini. Hofu ile haikuwa ya kubuni. Anayemwalika mtu ana wajibu wa kufikiria usalama wake, awe nani, na kanuni zinazomlinda kila mtu haziwezi kumruka mmoja zinapovuka bahari. Lakini waliokuwa na majibu walikuwa waandaaji wenyewe. Wanaishi hapa, wanajua namna ya kumlinda mgeni, na walikuwa tayari wameandika kanuni za mkutano wao. Waliochelewa kuulizwa ni wao. Taasisi ilijibu hadharani, na mwaka uliofuata ikaanzisha nyakati maalumu za kuzungumza na waombaji wa misaada. Kule nako, kanuni ilikuwa imemfikia mkubwa, na safari hii waliomfikishia walikuwa Waafrika.

Kundi letu la Dodoma hukutana Jumamosi katika chumba cha kuazima, wanafunzi wengi, mafundi wachache, na wanaojifunza baada ya kazi za ofisini. Kwa muda mrefu kanuni zetu zilikuwa karatasi mbili za Kiingereza zilizobandikwa ukutani karibu na swichi. Tulizichapa kwa sababu makundi mengine yanazo. Kisha binti mmoja wa mwaka wa pili akaacha kuja, na wa pili, na watatu. Nilimpigia simu wa kwanza. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Dada, mimi yule kaka simuwezi." Kaka mwenyewe alikuwa ndiye anayetununulia bando la intaneti na ndiye aliyekuwa akiwatafutia vijana kazi. Alikuwa na tabia ya kuchukua kompyuta mikononi mwa msichana na kummalizia kazi huku akiwaambia wengine kwamba vidole vya kusuka havijui kuandika msimbo. Wavulana hakuwafanyia hivyo.

Kumwita mtu wa namna hiyo si jambo jepesi kwetu. Kijana hamwambii mkubwa amekosea, na fadhila huziba kinywa kuliko umri. Wazee waliosema mkubwa ni jalala walikuwa na maana kwamba mwenye cheo avumilie kutupiwa ya wote, ila kwenye makundi yetu wanaotupiwa ni wadogo. Tulikwenda wawili, mimi na mwalimu mmoja mwenye mvi kumzidi. Tulianza na salamu, habari za nyumbani, kisha tukamsomea alichosema, neno kwa neno, na nani hayupo tena. Alikasirika. Alituuliza kama tunajua bando analipia nani. Mwalimu akamjibu, "Bwana, bando tutachanga. Hawa mabinti hatuwezi kuwachanga." Hakurudi kwa miezi kadhaa, na intaneti yetu ilikuwa mbaya kipindi chote hicho. Baadaye alirudi, na siku hizi hukaa mikono nyuma mwanafunzi anapoandika. Kati ya mabinti watatu, mmoja yupo nasi. Wawili hawakurudi.

Adabu hii wengine wanaiona kama jambo la kupendeza tu, lisilogusa usalama wa mifumo. Nawaelekeza kwa kilichotokea mwaka 2024. Kuna programu ndogo iitwayo XZ, inayobana mafaili ili yachukue nafasi ndogo, na imo karibu katika kila seva ya Linux. Kwa miaka mingi aliisimamia Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2022 zilianza kumjia barua za watu wasiojulikana wakimshutumu kwa kuchelewa, wakimshinikiza akabidhi kazi kwa mwingine. Alieleza kwamba uwezo wake wa kuishughulikia umepungua na kwamba hii ni kazi ya ridhaa. Hawakumwonea huruma. Pembeni alikuwepo msaidizi mpole aliyejiita Jia Tan, na hatimaye akapewa funguo. Matoleo mawili ya mwanzoni mwa 2024 yakatoka yakiwa na mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye nao kuingia kwenye seva za watu duniani kote. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kulichelewa kama nusu ya sekunde, akatangaza tarehe 29 Machi. Wale waliomsakama Collin hawakuonekana tena, na wachunguzi wengi wanaamini walikuwa kitu kimoja na Jia Tan.

Karaha ilitumika kama silaha. Ilifanya kazi kwa sababu mahali pale kumsakama msimamizi aliyechoka lilikuwa jambo la kawaida, na hakuna aliyeshtuka. Ninaposimamia seva zenye taarifa za watu, hilo linanihusu moja kwa moja.

Kundi letu sasa limeandika upya kanuni zake, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Vifungu vingi vilipita bila ubishi. Kilichobaki ni kimoja, cha mahali pa kupeleka malalamiko dhidi ya mwenyekiti, yaani mimi. Wapo wanaotaka yapelekwe kwa kamati, lakini kamati nzima niliiteua mimi. Pendekezo langu ni kwamba yaende kwa watu wawili wa kundi rafiki la Morogoro, ambao hawanidai wala hawanitegemei, na namba zao za simu ziandikwe juu kabisa ya ukurasa. Tunapiga kura mwezi ujao.